Mzaramo Aliyeyaona Mavi Yangu

Nitayaita mavi. Nimelala hospitali muda wa kutosha kuyasikia yakiitwa choo kikubwa, haja kubwa, kinyesi, na kuna daktari mmoja kijana, mwenye haya kuliko mimi, aliyeyaita "ile habari ya nyuma". Kwa majina hayo ya heshima nilikaribia kuzikwa. Kama unaona kinyaa, weka karatasi hii chini ukapige mswaki. Ninamwandikia yule ambaye leo asubuhi ametoka chooni, ameona kitu, na hajamwambia mtu. Kuandika kwenyewe nilijifunza ukubwani, katika madarasa ya watu wazima, kwa hiyo mwandiko wangu ni wa kulazimisha. Utanivumilia.

Jina langu Kalunde. Wakati ule nilikuwa mke wa Ramadhani, fundi seremala, na tulikaa Chemchem, mjini Tabora, katika nyumba iliyoachwa na baba yake. Nasema iliyoachwa na baba yake ili ujue mapema mwenye sauti alikuwa nani. Alikuwa Zena, dada yake mkubwa, wifi yangu, mjane, aliyekaa chumba cha mbele na funguo za stoo kiunoni. Mimi, Ramadhani na watoto wetu wawili, Shabani na Mwavita, tulikaa vyumba vya uani. Chumba cha mwisho, kile kilichopakana na choo, walipanga Wazaramo, mume mfanyakazi wa reli na mkewe Tatu.

Tatu alikuwa mtani wangu. Wazee wetu wa Kinyamwezi walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani walipita katika nchi ya Wazaramo, wakapigana nao weee mpaka wakachoka, wakapatana. Mapatano yenyewe ndiyo utani. Mzaramo anitukane, nami nimtukane, akitaka kuku wangu amkamate mchana kweupe nikimtazama, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye mwenye aibu. Nikifiwa, yeye ndiye atakayekuja wa kwanza kuteka maji na kupika, na ndiye atakayesimama mbele ya waombolezaji kuuliza marehemu ameacha mchele kiasi gani. Tatu aliniita mpagazi. Mimi nilimwita mla nazi. Tangu ahamie pale hatukuwahi kuamkiana kwa hujambo wala habari za asubuhi. Tulianza siku kwa matusi, tukaimaliza kwa matusi, na mimi nilimpenda mwanamke yule kuliko ndugu zangu.

Mwaka ule mvua zilikuwa haba. Tulikula unga wa njano uliotoka nje, ule wa yanga, na tulipanga foleni ya sukari na sabuni. Tukaambiwa watu wa mjini nao washike jembe. Mtaa wetu ukapewa shamba la ujamaa huko mbele ya Ipuli, nasi wanawake tukawa tunakwenda kila Jumamosi na majembe begani, tunaimba, tunarudi na mikono yenye malengelenge.

Kule shambani hapakuwa na choo. Tulikwenda vichakani wawili wawili, mmoja anajisaidia, mwenzake anaangalia nyoka na wanaume. Nyumbani tulikuwa na choo cha shimo, kirefu, chenye giza, ambacho ukishaangusha umeaga, hutakiona tena kilichokutoka. Porini kipo pale mbele yako, juani.

Siku hiyo mlinzi wangu alikuwa Tatu.

"Haa! We mpagazi!" akapiga ukelele. "Umekunya lami?"

"Nimekunya nazi zako," nikamjibu, ninafunga kanga.

"Njooni mwone, jamani! Mnyamwezi anatoa grisi! Nakwenda kumwita mume wangu aje na ndoo, mabehewa ya reli yanalia!"

Wanawake walitupa majembe wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote.

Wakati wa kurudi alitembea karibu yangu, sauti ameishusha. "Kalunde, yale si mazuri. Mume wangu wa kwanza alikunya vile vile. Hakukaa."

"Aliuawa na mapishi yako," nikasema.

Akacheka. Angefanya nini? Wewe unayejua utani nieleze: mtani akikwambia utakufa, unamjibuje? Unamwambia atangulie akakutandikie. Ndivyo nilivyomwambia, tukaendelea na safari.

Lakini neno liliniingia. Kesho yake niliingia chooni na kopo bovu la maziwa, nikatazama vizuri. Yalikuwa meusi ti, yanang'aa, yananata hata maji ya birika yanateleza juu yake. Na harufu haikuwa ile ambayo kila mtu anaijua na kuivumilia kwa kuwa ni yake. Ilikuwa harufu ya kitu kilichooza kikiwa na damu ndani. Nikayamwaga, nikaosha kopo, nikajiambia ni nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa tuliyokuwa tukila kila siku kwa kukosa mboga nyingine. Nikaacha nsansa. Nikala ugali wa yanga kwa chumvi. Bado yalikuwa meusi.

Tumbo liliungua nikiwa na njaa, likatulia nikila, likaanza tena. Mgongo wa shamba nao ulikuwa unaniua, kwa hiyo nilimeza vidonge vya kichwa kutoka duka la Mwarabu pale kona. Nilivinunua vingi, nikavimeza asubuhi, nikavimeza jioni, mara nyingine bila kutia kitu tumboni. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba vidonge vile vinachimba tumbo la mtu. Kwenye duka hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, nani anauliza habari za kidonge cha kichwa?

Ukafika msimu wa maembe, nikawa mtu mwingine. Viganja vikageuka vyeupe. Nikiinua ndoo moyo unapiga hadi masikioni. Nikashikwa na hamu ya udongo, nikawa nabandua ukuta wa jikoni vipande vidogo na kuvila kwa siri. Mwavita akaniona, akamwambia shangazi yake, na Zena akatangaza uani kwamba nina mimba. Akaanza kunitazama tumbo kila nikipita. Miezi ikapita na tumbo halikutoka. Basi akatangaza tena, safari hii kwamba nimeitoa.

"Mwanamke mwenye mimba anakula udongo," akamwambia Ramadhani, mimi nipo, ninapepeta mchele. "Mimba iko wapi? Muulize mkeo amemtupa wapi mtoto wa ukoo wetu."

"Hakuna mtoto," nikasema.

"Sikuulizi wewe. Namuuliza huyu."

Ramadhani alikuwa anapiga randa mguu wa kitanda. Alikuwa fundi mzuri, mikono yake haikukosea kitu. Akasema, "Mimi sijui, dada. Sijui." Akaendelea kupiga randa.

Nilimchukia siku ile. Nimejaribu kulisema hili kwa adabu na nimeshindwa.

Ramadhani alinipeleka zahanati kwa sababu nilianza kushindwa kupika. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, wanaume huku, wanawake huku, watoto wenye surua katikati. Tabibu alinifunua kope, akanitazama kucha. "Huna damu, mama. Meza hivi, ni vidonge vya kuongeza damu. Choo kitakuwa cheusi. Usishtuke, ni dawa."

Kitakuwa cheusi! Nilitaka kumbusu yule mtu mikono. Miezi yote ile nilikuwa natembea na neno la Tatu kifuani, na sasa mwenye koti jeupe ananiambia ni dawa. Kwamba yalikuwa meusi kabla sijaiona hiyo dawa, sikusema. Mume wangu alikuwa amesimama pale, na wanaume wa lile benchi walikuwa wamenyamaza kusikiliza. Hebu wewe simama mbele ya wanaume wa Tabora useme mavi yako yana rangi gani.

Nilirudi nikamtambia Tatu. "Unaona, mla nazi? Ni dawa. Daktari amesema."

"Kule shambani ulikuwa unameza dawa?"

"Nilikuwa nameza harufu yako."

Hakucheka. Alinishika mkono, akageuza kiganja juu, akakitazama, akaniachia, akaingia chumbani kwake.

Asubuhi ya pili nilikuwa nafagia ua, na kufagia kwenyewe nilikuwa nakaa kila baada ya hatua chache. Tatu akatoka, amejifunga kanga mbili safi, akaja mpaka nilipo. Akasema, "Hujambo, dada Kalunde? Umeamkaje?"

Ufagio ukanidondoka. Nilikuwa nimetukanwa na mwanamke yule hata siku niliyomzika mama yangu. "Una homa wewe?" nikamwuliza.

"Sitanii, dada. Nakuomba. Twende hospitali kubwa."

Nikaenda. Zahanati ilikuwa imenipa dawa, Zena alikuwa amenipa jina la muuaji, mume wangu hakunipa kitu. Kilichonitoa nyumbani ni ile hujambo ya Mzaramo.

Hospitali waliniambia nilete choo kesho yake. Siku zile hapakuwa na vikopo vya plastiki vyenye mfuniko. Choo kililetwa kwenye kiberiti. Unamaliza njiti, au unazihamishia kwenye kikombe, unaweka kipande kwa kijiti, unafunga, unaandika jina kama unajua kuandika. Nilifanya hivyo alfajiri, nikakiweka kiberiti dirishani, nikaenda kuoga.

Viberiti vilikuwa adimu. Zena alitaka kuwasha moto, akaona kiberiti dirishani kwangu, akakichukua, akakifungua.

Sijui nikuelezeje kelele ile. Nilitoka bafuni na kanga moja, maji yananitiririka, nikakuta ua mzima umejaa. Ramadhani yupo, wapangaji wapo, majirani wamepanda kwenye ukuta, watoto wangu wapo. Zena amekishika kiberiti kwa ncha za vidole, amekinyoosha mbele ya pua ya mdogo wake.

"Tazama! Anaweka mavi yake kwenye kiberiti! Meusi! Mavi ya mtu yanakuwa hivi? Haya ndiyo anayokutilia kwenye mboga, ndiyo maana umekuwa zezeta! Kila siku mimi sijui, mimi sijui, utajua nini na wewe unalishwa haya?"

"Ni ya hospitali," nikasema. "Wameniambia nipeleke. Muulizeni Tatu."

"Tatu! Mtani wako! Tangu lini mtani akasema kweli?"

Na hapo nani angembishia? Tatu alipiga makelele kwamba ni kweli, kwamba hospitali ndivyo wanavyotaka, akaapa kwa Mungu, na watu wakacheka, maana Mzaramo kuapa kwa ajili ya Mnyamwezi ilikuwa kichekesho kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya pale uani. Kadiri alivyosema kwa ukali ndivyo walivyozidi kucheka. Zena akaenda akakitupa kiberiti shimoni.

Kuanzia siku hiyo Ramadhani alikula kwa dada yake. Nilimpikia, nikamtengea, akapita. Watoto waliambiwa wasinywe maji kwenye kikombe changu. Shabani alitii haraka, alikuwa mkubwa kidogo, anaogopa. Mwavita alikuwa anakuja jioni kunikalia miguuni, halafu anaitwa ndani. Mimi nilijua wazi kinachokuja. Zena alitaka nirudishwe kwetu, na kila siku ya ugonjwa wangu ilimpa neno jipya la kumwambia mdogo wake. Nilitaka nipone upesi, niinuke, nifue, nipike, nionekane mtu mbele ya watoto wangu, kabla mume wangu hajapata ujasiri wa kuniacha.

Nilipata kiberiti kingine kwa Tatu. Tulikwenda naye, nimekifunga kwenye pindo la kanga. Nenda siku moja ukakae kwenye benchi lile la maabara. Wanawake kumi na zaidi, kila mmoja ameshika ngumi, kila mmoja ana kiberiti ndani ya ngumi, na hakuna anayemtazama mwenzake. Tunazungumza habari za mvua. Mtu wa maabara alitoka na kusoma majina, na alipofika kwangu akaongeza, kwa sauti ya kuuza samaki, "Yule mwenye meusi ni nani?" Nikasimama. Benchi zima likasogea kidogo, upande wa pili.

Daktari hakuniuliza mengi. Aliuliza yalianza lini, kabla ya vidonge vya damu au baada. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa hospitali kuniuliza hivyo. Nikasema kabla, tangu shambani. Akaweka kalamu chini, akasema tumboni kuna kidonda na kinavuja damu, damu ikipita matumboni inatoka nyeusi, na sirudi nyumbani siku hiyo.

Wodi yetu ilikuwa ya watu wa mavi, sote. Kitanda cha kulia alilala bibi mmoja ambaye yake yalikuwa meupe, rangi ya udongo wa kuchorea ukuta, na macho yake ya njano. Alikuwa ameyaona tangu kiangazi na alidhani ni maziwa. Yule alitolewa amefunikwa. Kitanda cha kushoto mama mmoja anatoa damu nyekundu pamoja na makamasi, akajiganga nyumbani kwa mizizi mpaka amebaki mifupa, akapewa dawa akapona, yu hai labda mpaka leo. Mwingine alikuwa anafunga choo na kuharisha, anafunga na kuharisha, yanatoka membamba, miezi, na anakonda, na wanawe wanamwambia ni uzee. Usiniulize majina ya magonjwa yao. Mimi ninachojua ni kwamba wote walikuwa wameona, na wote walinyamaza. Basi wewe tazama. Kama choo chako ni shimo tumia kopo. Yakibadilika rangi na yasirudi, nenda. Yakiwa meusi ya kunata na huna dawa unayomeza, usisubiri kesho. Na ukipewa dawa inayoyafanya meusi, sema kama yalikuwa hivyo kabla, hata kama babamkwe wako amekaa pembeni. Sema mavi, sema meusi, wakicheka wacheke.

Usiku ule nilitapika damu, na kulipokucha walisema lazima nipasuliwe, lakini kwanza nipate damu, na damu inatoka kwa ndugu. Ramadhani aliitwa. Alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, ameshika kofia. Nesi akamweleza. Akasema anakwenda kuaga kazini mara moja, anarudi. Nilivisikia viatu vyake mpaka mwisho wa veranda. Sikuvisikia tena.

Zena alikuja mchana, hakukaa. "Damu ya baba yangu haiwezi kuingia mle," akamwambia nesi, na kidole amekielekeza kwangu, tumboni. "Mchukueni huyo ndugu yake wa Ipuli." Kaka yangu wa Ipuli alikuja mbio, wakampima, haikukubali. Akakaa chini sakafuni akalia.

Tatu alitoa. Hakuna aliyemwomba. Alikunja mkono wa gauni akaingia chumba kile, na baadaye nikaona chupa imetundikwa juu yangu, chupa ya kioo, nyekundu, inadondoka polepole. Yeye amekaa kwenye kigoda, amelegea.

"Tulia, dada," akasema. "Imekubali."

Nilikuwa sina nguvu ya kufungua macho yote. Nikamwambia, "Sema basi kwamba sasa nitaanza kupenda nazi."

"Pumzika, dada Kalunde. Usiseme sana."

Nikaanza kulia. Watu waliokuwa karibu walidhani ni maumivu. Mtani wako amekupa damu yake na hana hata tusi moja la kukupa juu yake! Nilijua ninakufa, nilijua kwa adabu ya yule mwanamke kuliko kwa uso wa daktari.

Walinipasua. Siku zilizofuata zimechanganyika, nakumbuka mvua za masika zikipiga bati, mpira puani, kiu, kitambaa chenye maji kwenye midomo. Tatu alikuja kila siku. Aliniosha, alinigeuza, aliniita dada. Aliwaamkia manesi, akawaamkia wagonjwa, akawa na heshima wodi nzima mpaka nikamwogopa. Kila asubuhi nilimsikiliza anavyoingia. Hujambo, dada. Nami nafumba macho, najua bado sijapona.

Kisha nesi akasema, "Tunasubiri choo chako, mama. Ukitoa choo kizuri utakula."

Kikaja. Ilikuwa asubuhi, jua limetoka baada ya mvua. Tatu alinisaidia, akalichukua beseni, akalipeleka mpaka dirishani penye mwanga, akainama. Akakaa vile muda mrefu.

"Lo!" akapiga ukelele. "Wanawake, amkeni! Kahawia! Mpagazi hatimaye amejua kunya! Na yananuka, mama yangu, yananuka ukoo wenu mzima tangu Unyanyembe!"

Wodi ikalipuka. Mwenye mshono, mwenye mpira, wote wanacheka. Mimi niliushika mshono wangu kwa mikono miwili, machozi yananitoka, raha imenijaa mpaka kooni. Nimetukanwa! Nimepona!

"Ni damu yako hiyo inayonuka," nikamjibu.

"Damu yangu umeiharibu, mshenzi wewe." Akalifunika beseni kwa kitambaa, akaliweka chini, akaja kukaa ukingoni mwa kitanda. "Sasa mpagazi, mzigo wako umekutangulia."

"Mzigo gani?"

"Godoro, sanduku la bati, na ile sufuria yako iliyotoboka. Ramadhani amevipakia kwenye mkokoteni amevipeleka Ipuli kwa kaka yako. Amekuacha. Anasema hawezi kulala na mwanamke anayeweka akiba ya mavi kwenye kiberiti."

Nilicheka tena, mshono ukaniuma. "Mwambie nimemwekea na yeye kiberiti chake."

"Na Zena ameiosha ile sufuria kwa majivu kabla haijatoka, eti isimfuate mtu."

"Angejiosha yeye!" nikasema, na mama wa kitanda cha kushoto akajifunika shuka kwa kicheko. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu shambani. Nikawa namngoja aongeze.

"Na Shabani na Mwavita wamebaki kwa Zena," akasema.

Mimi na Tatu tulitukanana wazazi. Tulitukanana maiti wetu, maumbile yetu, waume zetu, vyakula vyetu. Watoto hatukuwagusa. Hatukuambizana, ilikuwa hivyo tu, wala yeye wala mimi hatukuwahi kumtia mtoto wa mwenzake kwenye utani.

Kicheko kilinikatika. Wengine waliendelea kucheka kidogo, wakaona uso wangu, wakanyamaza mmoja mmoja.

"Tatu," nikasema. "Nitukane."

Alinitazama.

"Nitukane, Mzaramo. Nitukane upesi."

Akaweka mkono wake juu ya mguu wangu, juu ya shuka.

"Pole, dada," akasema.